Mzee Zachariah Nanyama na Mkia wa Jogoo wa Kabiria

Ijumaa, tarehe 29 Juni 1979, baada ya miaka kumi na minane ya utumishi, Mzee Zachariah Nanyama atavua koti lake la kaki na kustaafu kama tarishi mkuu wa Taasisi yetu ya Sheria za Mataifa. Kazi aliyoandikiwa mwaka 1961 ilikuwa kupeleka barua na kuchemsha chai. Kazi aliyoifanya ilikuwa kuwaonyesha wageni wa shahada ya uzamili namna ya kusoma bila kupotea.

Ushauri wake haukuwa mrefu. Usingoje mwezi wa mwisho kumwona mwalimu. Mwone akiwa bado anakumbuka jina lako. Usimalize kila kitabu. Usikae na watu wa kwenu tu, hao utawakuta kwenu. Na kama unaandika juu ya ugomvi, nenda basi siku moja ukaone watu wakigombana.

Aliyeuhitaji kuliko wote ni Bwana Paavo Lehtinen, aliyetoka Finland mwaka 1971 kuandika tasnifu juu ya sheria ya anga: hewa iliyo juu ya nchi ni ya nani? Kwa miezi sita hakusema neno ila asante. Alikuwa na kurasa mia tatu za tanbihi na hoja hata moja hana. Mkuu wetu, Dakta Musembi, akamwandikia kwamba asipoonyesha hoja kufikia Agosti atarudishwa kwao. Mzee Zachariah ndiye aliyeipeleka barua hiyo maktaba. Kijana akaisoma, akalaza kichwa juu ya vitabu, akalia.

"Wewe unasoma sheria ama umekuja matanga yake?" Mzee akamwuliza. "Beba kofia. Twende kwangu."

Kwake ni Kabiria, na siku hiyo palikuwa na baraza la wazee katika ukumbi wa kanisa. Mama Peres, fundi wa nguo, alifuga jogoo aitwaye Hakimu, aliyependa kusimama juu ya ua wa mpaka, kichwa kwa Peres, mkia kwa jirani yake, Bwana Macharia. Kilichotoka chini ya mkia kiliangukia sukumawiki za Macharia.

"Mwili ni yake, sikatai," Macharia alilalamika. "Lakini mkia iko kwangu! Na hiyo hewa ni ya shamba yangu!"

"Basi vuna hewa yako uweke kwa nyumba," Peres akamjibu.

Hapo Bwana Lehtinen akasimama. Alizungumza dakika arobaini, kwa Kiswahili ambacho hatukujua anacho, akichora mpaka hewani kwa mwavuli wa mchungaji. Wazee wakanong'onezana, kisha wakaamua: mkia ni mgeni, na mgeni hafukuzwi, ila akichafua, aliyemtuma ndiye ataosha. Macharia alinuna, Peres alinuna, na wazee wakafunga kwa sala wakijua wameamua kwa haki.

Agosti ikafika. Mtahini kutoka nje alitaka ushahidi wa sura iitwayo "Haki za Mkia Mgeni". Maandishi ya baraza hayakuwepo. Lakini Mzee Zachariah alikuwa ndio anaingiza chai, basi wakamwapisha papo hapo, sinia mkononi, na hakuna aliyekumbuka kumpokea. Alitoa ushahidi nusu saa nzima. Mtahini akamwuliza kama mkia una uraia.

"Hiyo swali haikuletwa mbele ya baraza, bwana," Mzee akasema. "Siwezi kuisemea."

Mtahini akavua miwani. Alisema hilo ndilo jibu la kwanza la kisheria alilolisikia tangu asubuhi. Bwana Lehtinen akapasi, kwa sharti la kusahihisha tahajia ya jina la jogoo.

Tangu hapo Dakta Musembi aliagiza Mzee ampeleke kila mgeni Kabiria wiki yake ya kwanza. Macharia ameshaleta malalamiko mara nne: sukumawiki zake zimekanyagwa na raia wa nchi kumi na moja.

Wiki jana mwanafunzi wa Japani aliandika kuuliza aje na vitabu gani. Barua ikapelekwa kwa Mzee, kama kawaida. Nami nilimpigia jibu lake kwa taipureta, neno kwa neno: "Vitabu tunavyo. Leta viatu vya kutembea, na uje na njaa."

Mzee wetu, asante kwa miaka yote. Ukafike kijijini kwenu Kimilili salama, ukale mahindi yako mwenyewe, na maisha yakutendee mema. Sisi huku tutajaribu kuwapokea wageni, ingawa hakuna kati yetu anayejua nyumba ya Macharia ilipo.