Dawa ya Watu mu Chakula cha Nguruwe

Zimeni redio, wanangu, mukae chini, na weye Jean-Pierre uache kuangalia mulango, kwa sababu leo hautatoka mbele ya miye kumaliza. Miye Elisabeth, mama yenu, niliwazaa watatu, nikawalea na nguruwe hapa Bigo, mutaa huu wa Bunia, na sasa muguu wangu unaoza mukiona, na munganga amekwisha kuniambia nirudi nikafie nyumbani. Nasema nikiwa na akili yangu yote. Nasema pia nikiwa na hasira, na sitaki mutu aniambie Mama, tulia, maana kutulia nitatulia sana, musiniharakishe.

Munajua kidonda hiki kilitoka wapi. Bati ya banda ilinikata nikifagia mavi ya nguruwe, jeraha ndogo tu, kama zile zilizonikata maisha yangu yote na zikapona kwa chumvi na maji ya moto. Hii haikupona. Hospitali walinipa dawa, ikashindwa; wakabadilisha, ya pili ikashindwa nayo; ndipo munganga akakaa kando ya kitanda akaniuliza kama tunafuga, na nyama zetu za kufuga tunazipa nini. Kavira, binti yangu huyu, ndiye alijibu, kwa sababu miye sikujua: kila asubuhi kaka yake Jean-Pierre anapasua ganda za tetra, ile dawa ya watu ya kuua vidudu, zile nyekundu na manjano, anamwaga unga wake mu machicha ya pombe na pumba, nguruwe zote zinakula, ngonjwa na nzima. Munganga alitikisa kichwa. Alinieleza polepole kwamba vidudu vya ugonjwa vikionja dawa kidogo kidogo kila siku, vile dhaifu vinakufa, vile vya nguvu vinabaki, vinazaana, vinaizoea. Vinatoka kwa nguruwe, vinaingia mu mavi, mu maji, mu mikono, na siku moja vinaingia mu muguu wa mama ya mutu. Hakuapa kwamba vyangu vilitoka pale. Alisema tu kwamba yeye hangeshangaa, na miye pia sishangai.

Muchuma janga hula na wa kwao, Jean-Pierre. Weye ulilichuma kwa farmasi ya Antoine, yule anayeuza dawa ya watu kwa kopo kama karanga bila kuuliza nani anaumwa, ukalileta nyumbani, na leo tunalila wote, miye wa kwanza.

Najua neno lako, maana ulinipa neno hilo juzi bila haya, nikiwa nimelala hapa hapa. Ulisema: "Mama, siye tunalala na viatu miguuni. Nguruwe ikue mbio, tuiuze mbele ya kukimbia tena." Unanifundisha kukimbia, miye? Wakati Bunia iliwaka kwa vita nilitembea nanyi mpaka Komanda, David mugongoni, nikivuta kwa kamba nguruwe moja yenye mimba, na watu walinicheka njia nzima, na ile nguruwe ndiyo nyanya ya hizi zote zinazokulisha. Sikuwa na ganda hata moja la tetra. Hofu ni yetu sote, mwanangu, hakuna mutu wa muji huu asiyesikiliza usiku. Lakini hofu haikupi ruhusa ya kutia sumu mu sahani ya jirani.

Na jirani huyo mumusikie. Tuliporudi, watu walikuwa hawasalimiani. Kila mutu alimutazama mwenzake akijiuliza alikuwa wapi siku ile. Berthe wa upande ule wa mufereji, mama wa Kialur aliyetoka Mahagi, alikuwa amebaki mikono mitupu. Nikamupa nguruwe jike alishe, ikizaa tugawane, kama wazee wetu walivyofanya, kwa maana mutu hawezi kuchukia nyumba inayolisha mali yake. Amani iliyoko kati ya milango yetu miwili haikuletwa na askari wala mukutano. Ililetwa na vitoto vya nguruwe. Sasa zamu iliyopita Jean-Pierre alimupelekea sehemu yake, vitoto vinono, vyenye kung'aa, vilivyotolewa kwa maziwa mapema na kusimamishwa na tetra. Kwa Berthe tetra haikuwako. Viliharisha, akaita munganga wa nyama, yule anayetibu mifugo, dawa ile ambayo zamani iliponya haikufanya kitu, vikafa vyote. Berthe anafikiri nilimupa ugonjwa makusudi. Anapita hapa mbele akitazama chini, miye ninayekufa, na hilo linaniuma kuliko muguu.

Basi sikilizeni nafasi ya kila mutu. Desturi inasema mufungua mimba, mutoto wa kwanza, ndiye anachukua mifugo, na wajomba zenu watakuja kuikumbusha desturi. Waambieni desturi niliijua mbele yao. Nguruwe ni za Kavira. Jean-Pierre, weye utachukua kibanda cha biashara cha barabarani, sikufukuzi mu nyumba yangu, ila banda la nguruwe hautaingia bila dada yako kukuita. David atamaliza masomo, na nyumba ni ya wote watatu, isiuzwe. Jike ile ya masikio meusi ipelekwe kwa Berthe, yote nzima, bila kugawana, na Kavira aende mwenyewe, apige magoti, aeleze.

Kavira, mama, usichoke. Kitoto cha nguruwe kisiachishwe maziwa mpaka kijue kula chenyewe. Chini kukauke, mwaga maranda ya mbao, ondoa mavi kila siku, wala usizijaze kama watu mu gereza, maana ndugu yako aliweka dawa mahali pa ufagio. Nguruwe ya kununua, hata ikitoka Bambu kwa wafugaji wenye sifa, ikae peke yake mbali mpaka uijue. Moja ikiumwa, itenge, ita munganga wa nyama, ipe ile tu dawa aliyoandika, mpaka siku alizosema zitimie, na nyama yake isiguse soko mbele ya dawa kutoka mu mwili. Mwanzoni utaona shida, zingine zitaharisha, na watu watakucheka kwamba nguruwe zako ni nyembamba. Waache wacheke. Haraka haraka haina baraka, na miye ni mushuhuda, nimelala hapa.

Nipe maji. Kidogo. Basi.

Sasa matanga yangu. Watu watajaa, watatazama banda, watasema mama ya nguruwe hawezi kutunyima nguruwe. Musichinje hata moja. Asubuhi hii, miye nikikata roho chumba cha pili, Jean-Pierre ametia tetra tena, Kavira ameona. Wapikieni maharagi na sombe ya majani ya muhogo. Na watu wakianza kunung'unika, weye, Jean-Pierre, utasimama mbele ya padri, mbele ya Berthe, na mbele ya huyo Antoine wako, useme kwa mudomo wako kwa nini matanga ya mama yako hayana nyama. Usiseme ni umasikini. Muficha ugonjwa, kifo humuumbua, na kifo kiko hapa tayari, kinatusikiliza.

Nimechoka. David, inua kichwa changu. Hivyo.

Kavira, David, karibuni. Mungu awape... awape kulala bila viatu. Awape watoto watakaopona wakipewa dawa. Muzae, mufuge, musalimiane na watu. Nimewabariki.

Jean-Pierre, njoo nawe. Weye ni wa kwanza wangu, hasira haikukutoa mu tumbo langu. Lete mikono. Hapana... unga wa manjano ungali mu kucha zako. Enda kwanza uoshe na sabuni, uoshe vizuri, halafu urudi nikuwekee mukono.

Kavira... mwambie kaka yako asikawie. Mukono unakataa kuinuka.