Mama Birika na Zile Kompyuta Sitini

Ndugu wa karibu na wa mbali, majirani, wafanyakazi wenzake, na ninyi wateja wake mliokuja wengi hadi viti vimeisha na wengine mmekalia makreti ya soda, familia imemteua shangazi yake marehemu, dada wa mwisho wa baba yake, awasomee maisha ya mtoto wetu tangu mwanzo hadi mwisho, na familia hiyo hiyo imemwonya asiongeze chumvi, asicheke, na asitaje mambo ya watu, naye amekubali moja, hakusema lipi.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Aprili 1968, saa tisa alasiri, katika hospitali ya wilaya, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba fundi cherehani na mama mpishi wa shule, na shangazi yake, wakati huo msichana wa miaka minane, alikuwa amesimama koridoni na chupa ya chai, akasikia kitoto kinapiga kelele bila kupumua, akamwambia nesi, "Huyo anaeleza kitu," na tangu siku ile hadi wiki iliyopita alikuwa bado anaeleza. Wawili hao walilala kitanda kimoja hadi shangazi alipoolewa mwaka 1979, ndiyo maana watu wengi walidhani ni dada na mdogo wake, na marehemu hakuwasahihisha, kwa sababu kumsema dada ni rahisi kuliko kumsema shangazi.

Elimu ya msingi aliipata kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, ya sekondari kuanzia 1983 hadi 1986, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, na ripoti yake ya kidato cha tatu, ambayo mama yake ameitunza mpaka leo kwenye kopo la biskuti, ina maneno ya mwalimu wa darasa yanayosema, "Anaelewa vizuri, ila anaeleza mno," mkumbuke hayo maneno, yatarudi. Mwaka 1987 alisomea upigaji taipu na kupata cheti, na kuanzia tarehe 1 Februari 1988 hadi mwisho wa mwaka 1996 alikuwa mpiga taipu kwa wakili mmoja ambaye naye alikuwa anaeleza mno, wakaelewana sana.

Tarehe 3 Machi 1997 aliajiriwa katika duka la vifaa vya nyumbani pale karibu na stendi ya zamani, akiuza pasi, feni, redio na mabirika ya umeme, na wote mliowahi kununua pale mnakumbuka ule ubao wa soketi kwenye kaunta, kwamba hakuna kitu cha umeme kinachotoka bila kujaribiwa, pasi inachomekwa unaigusa mwenyewe, feni inazungushwa upepo unakupiga usoni, birika linatiwa maji mpaka lichemke, ndipo unapewa risiti, ukishatoka usirudi kulalamika.

Sasa mwezi Machi mwaka 2003 bosi wake, ambaye yuko hapa mbele amevaa suti ya kijivu na anajifanya haangalii, aliagiza kompyuta sitini kwa sababu bei yake ilikuwa chini kuliko zote, hakuuliza kwa nini, zilipofika ndipo akaambiwa kwamba ndani hazina ule mfumo uliozoeleka maofisini, zina mfumo huria, yaani ule uliotengenezwa na watu wengi huku na huko wakakubaliana uwe wa wote, unaruhusiwa kuutumia, kuufungua uone ndani, kuubadilisha, hata kumnakilia jirani yako bila kuvunja sheria ya mtu, na alama yake ni yule ndege mnene mweusi mwenye kifua cheupe, anayesimama kama mgeni rasmi. Bosi alishika kichwa, lakini marehemu alikichukua kile kitabu cha maelekezo, akakisoma wiki mbili, akakimaliza, akakipenda, na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu sasa alikuwa na jambo la kueleza.

Mama akija kununua pasi, marehemu alimweleza mfumo huria, hadi mama wa watu akasema, "Mwanangu, mimi nimefuata pasi, na nimeacha maharage jikoni," mwalimu mstaafu akija kutafuta redio alielezwa nusu saa, mwishowe akauliza, "Kama kila mtu anaruhusiwa kufungua aone ndani, wezi watashindwaje?" akaondoka bila kompyuta na bila redio. Kuanzia Machi hadi Julai ziliuzwa tisa, zikarudishwa sita, tena hazikurudishwa kwa ubovu, bali kwa sababu ng'ambo ya barabara palikuwa na fundi wa kompyuta, kijana mrefu, mashavu matupu, anayeitwa Daktari wa Virusi, ambaye riziki yake ilikuwa kusafisha kompyuta zilizougua kwa vile vidiski vya kuazimana, naye kila akiona mtu amebeba lile boksi lenye ndege alimwita, "Mama, hiyo siyo kompyuta, ni pambo, kaitandikie kitambaa uweke maua." Marehemu alikuwa anamchukia hadi alijua shati lake la kila siku ya wiki.

Tarehe 28 Julai 2003 bosi alimwita, akamwambia mbele ya wenzake kwamba ikifika tarehe 31 Desemba saa kumi na mbili jioni zote sitini ziwe zimetoka, zikitoka ile kona inakuwa idara yake na yeye ndiye mkuu wake, isipokuwa hivyo, hata ikibaki moja, zinarudi zilikotoka na yeye atafute kazi kwingine, na marehemu, ambaye siku zile ndiye aliyekuwa anawalea wazazi wake wote wawili, alikuja kulala kwa shangazi yake wiki nzima, na kwa mara ya kwanza maishani hakueleza kitu.

Tarehe 2 Agosti shangazi akaenda dukani kununua birika, na hili familia imemruhusu alisome kwa sababu ni kweli, birika likatiwa maji lijaribiwe, miguu ilikuwa inamuuma, kiti kilichokuwa karibu kilikuwa kile cha mbele ya kompyuta, akakaa, marehemu akaanza, "Shangazi, huu ni mfumo ambao," naye akamkata, "Nyamaza wewe, mdomo wako ndio unaofukuza wateja, niache nibonyeze," akabonyeza hapa, akabonyeza pale, karatasi nyeupe ikatokea kwenye skrini, na yeye, mtu wa darasa la nne, kwa kidole kimoja, akaandika, WIFI NIRUDISHIE SANDUKU LANGU LA BLUU, akabonyeza ile picha ya mashine ya kuchapa, karatasi ikatoka ya moto kama mkate, na hapo hapo birika likachemka, tak. Duka zima lilicheka, mama mmoja aliyekuja kununua feni akasema, "Kama huyu ameweza, nifungieni yangu," na kwa taarifa yenu wifi yuko hapa, mstari wa tatu, na sanduku bado.

Marehemu alisimama pale ameshika ile karatasi, akatazama ubao wa soketi, akasema peke yake, "Pasi inajaribiwa, feni inajaribiwa, kwa nini kompyuta inaelezwa?" na kuanzia siku ile hakueleza tena kompyuta, alihamishia moja kwenye kaunta ya mabirika, akaweka kiti, na kila aliyeuliza alijibiwa neno moja, "Kaa." Sheria ilikuwa hivi, anachukua birika la chuma, anatia vikombe vitatu vya maji, anachomeka, na wewe unamwandikia mtu yeyote neno lolote na kulichapa kabla maji hayajachemka na swichi ya birika kuruka, ukiweza unauziwa, ukishindwa huuziwi hata ulie, unarudi siku nyingine, na sheria hiyo haikumwonea mtu haya, maana mama mzazi wa bosi alishindwa mara nne na mara zote nne alirudishwa nyumbani kwa tabasamu. Watu walikuja kuona, dereva wa lori alimwandikia mkewe kuomba msamaha wa jambo ambalo sote tunalijua na hatutalitaja, mshonaji akaandika vipimo vya bibi harusi, msusi akajiandikia tangazo la saluni, wakaanza kumwita Mama Birika, na waliouziwa hawakurudisha tena, kwa sababu mtu akiambiwa kompyuta yako ni pambo, alijibu, "Pambo lako mwenyewe, mimi nimeshaandika nayo."

Ilipofika tarehe 31 Desemba, saa kumi na moja na nusu jioni, zilikuwa zimetoka hamsini na tisa, imebaki ile ya kwenye kaunta, duka halina mteja, bosi anaangalia saa, shangazi amekalia boksi tupu, mara mlangoni akaingia nani, Daktari wa Virusi, shati la kijani, lile la Jumatano, uso umeshuka, akasema kwamba kompyuta yake mwenyewe imeugua tangu juzi, imekula orodha ya wateja wake na picha zake zote hadi za marehemu bibi yake, amejitibu ameshindwa, amekuja kununua ile yenye ndege. Marehemu akamwambia, "Kaa." Akajibu, "Mimi ni fundi, dada, na mimi unanijaribu?" Akaambiwa, "Hata feni ni feni, na inajaribiwa."

Akakaa, birika la vikombe vitatu likachomekwa, na badala ya kuandika, bwana fundi akaanza kufungua vyumba vya ndani vya mashine akitafuta virusi wa kuua, anafungua huku, anafunga kule, anasema, "Wamejificha wapi hawa," hadi swichi ikaruka, tak, karatasi nyeupe pee. Bosi akapiga kelele, "Muuzie tu, wewe, muuzie, imebaki robo saa," na marehemu, kazi yake iko ukingoni, wazazi wake wawili nyumbani, akajibu kwa upole, "Bosi, ameshindwa, na niliowarudisha wote nitawaambia nini?" Bosi akageukia barabarani kutafuta mteja mwingine, friji za maonyesho zikinguruma kule karibu na mlango wa nyuma, ndipo fundi mwenyewe, jasho linamtoka, akasema, "Basi maji mapya, mtihani mpya, nakuomba," naye marehemu akachukua birika, akaenda bombani nyuma ya duka pamoja na shangazi yake, akarudi, akachomeka. Safari hii fundi aliandika, na karatasi hiyo imewekwa kwenye fremu sebuleni kwao, mmeiona wengi, inasema, "Dada wa birika, tangu Machi nimekusema vibaya, naomba radhi, na kama maji haya yatabaki nitakuja kesho kutwa tunywe chai," ikatoka kwenye mashine, akaishika, akakaa, akajifuta jasho, na bado baadaye kidogo ndipo swichi ikaruka, saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili, na bosi akamkumbatia shangazi kwa makosa.

Walifunga ndoa tarehe 26 Juni 2004, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 9 Septemba 2005, sasa yuko chuo, na kijana aliyezaliwa tarehe 17 Januari 2007, na fundi aliacha kutibu virusi kwa kukosa wagonjwa, akawa anazunguka mashuleni na kwenye zahanati kuwawekea huo mfumo wa ndege. Marehemu aliongoza idara yake miaka ishirini, akauza kompyuta elfu mbili mia tatu na kumi na saba, kila moja kwa birika, na nyumbani kwao hakukuwa na ugomvi mrefu, kwa sababu mkwe wetu akishindwa kwa hoja alinyoosha kidole kwenye ile fremu na kusema, "Sawa, umeshinda, lakini birika nililishinda mimi," naye mkewe alikuwa anainama na kucheka hadi machozi, na mkwe wetu akadhani anacheka kushindwa.

Mwezi Mei mwaka 2023 alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa, akapata nafuu, akarudi kazini, tarehe 19 Septemba mwaka huu wa 2025 akalazwa tena, na tarehe 6 Oktoba, saa nne na dakika arobaini asubuhi, mumewe akiwa ameshika mkono wa kulia na shangazi wa kushoto, alituacha, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa wodi ya moyo, hasa yule nesi mfupi aliyekubali kuandika barua kwenye kompyuta ya mgonjwa akasahau zamu yake, inawashukuru majirani mliopika na kuosha vyombo siku zote hizi, wafanyakazi wenzake mlioubeba ule ubao wa soketi mkauleta hapa kama mashada, bosi kwa gari, na wifi, ambaye asubuhi hii amenong'ona kwamba sanduku liko njiani.

Limebaki jambo moja, na hili ni agizo la marehemu mwenyewe, alilolitoa kitandani tarehe 2 Oktoba, akasema, "Shangazi, siku hiyo usisome vya kuliza watu, mwambie baba watoto ile ya bombani, nataka acheke nikiwepo." Shangazi, ambaye wote mnajua hajawahi kulaza umbea hadi asubuhi, amelala na huu miaka karibu ishirini na miwili. Mkwe wetu, kaa vizuri. Siku ile bombani, marehemu hakutia vikombe vitatu, alilijaza lile birika hadi mdomoni, vikombe vinane, tena kwa maji baridi ya chupa aliyoyachukua njiani kwenye friji la maonyesho, shangazi akamuuliza, "Mwanangu, unapika chai au unaoga?" naye akaweka kidole mdomoni, uso umemwiva, na katika watu elfu mbili mia tatu na kumi na saba hakuna mwingine aliyeongezewa hata tone. Kwa hiyo birika hukulishinda, mkwe wetu. Ulisubiriwa.

Haya, mmeona, anacheka, analia na anacheka, kama alivyotakiwa.

Pumzika kwa amani, mwanangu, na huko uliko, ukimsubiri tena, jaza hadi juu.