Mguu Mmoja Jikoni

Kwenye basi la kutoka Mpwapwa, bibi aliyepakata trei ya mayai alikuwa akimsimulia mzee wa siti ya jirani jinsi kifundo chake cha mguu, kilichokuwa kikiteguka kila mara, kilivyopata nguvu. "Mjukuu wangu Emiliana anacheza jimnastiki, ile ya utepe. Amenifundisha kusimama mguu mmoja nikisonga ugali. Goti silikazi, misuli yenyewe ijifunze kushika kifundo."

"Mama, binadamu si korongo," mzee alisema. "Aliyekuponya ni Mungu."

"Mungu nilimshukuru Jumapili. Leo namshukuru Emiliana."

Mimi niliyeketi nyuma yao niliyahurumia mayai, nikijua atateremka nayo. Basi liliposimama Makole, bibi aliteremka na trei mikononi bila kuegemea popote. Mzee alimfuata akishika kila siti, akiuliza unaanza na mguu upi.