Gharib Machano na Simu ya Ijumaa Ile

Wazee wetu, ndugu, majirani na nyote mliofika hapa Mpendae kutustiri, asalaam alaykum. Kabla hatujaliinua jeneza kwenda kumsalia kaka yetu, familia imeniagiza mimi, mdogo wake, Mcha Machano, nikusomeeni maisha yake, na naomba mnistahamilie, kwa sababu nimeyaandika asubuhi hii hii.

Marehemu Gharib Machano Hija alizaliwa Jumamosi tarehe 4 Machi 1978, Kiembe Samaki, akiwa mtoto wa kwanza kati yetu wawili tuliozaliwa na baba yetu marehemu Mzee Machano Hija, fundi seremala mwenye asili ya Tumbatu, na mama yetu marehemu Bi Riyama Mmanga, mshonaji wa kofia. Alisoma skuli hapa mjini kuanzia mwaka 1985 hadi 1996, na kabla hajamaliza darasa la nane alikuwa keshawapita walimu wote kwa urefu, akilala kwenye kitanda ambacho baba alikiunga kipande miguuni, na sidhani kama upo mlango Mji Mkongwe ambao haukuwahi kumgonga kwenye paji la uso.

Mpira wa kikapu aliujulia kwenye kiwanja cha saruji chenye pete moja isiyo na wavu, akajiunga na timu ya Mizingani mwaka 1997, akachaguliwa timu ya Zanzibar mwaka 1999, na tarehe 3 Septemba 2001 akatia saini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa na klabu moja ya Maputo, alikocheza misimu sita, kisha mwaka 2007 akahamia Iskanderia, Misri. Hakuwa mfungaji mkubwa, kazi yake ilikuwa kuudaka mpira uliogonga pete ukarudi, akampa mwenzake, mwenzake akafunga na kushangiliwa, naye akarudi kimya upande wake wa kiwanja.

Tarehe 18 Disemba 2004 alimuoa Bi Faiza Khatib, wakajaaliwa watoto wawili, Salhiya, aliyezaliwa 2005 na sasa yuko masomoni Malaysia, na Yussuf, aliyezaliwa 2008, ambaye yupo nasi hapa.

Kaka yangu hakuingia kiwanjani hata siku moja bila ya kumpigia mama simu, awe nchi yoyote ile, na mama humsomea dua kisha akaipuliza simu, sisi tukimcheka kwamba pumzi haifiki Misri, naye akishikilia kwamba inafika.

Hapa karatasi yangu ingefuatia maradhi, lakini lipo jambo lililo katikati, na wengi wenu mnalijua kwa upande mmoja tu.

Mama yetu alifariki Ijumaa tarehe 22 Mei 2009, saa mbili asubuhi, tukamzika baada ya sala ya alasiri. Gharib alikuwa na fainali usiku wa siku hiyo, na wazee, kama ilivyo ada yetu kwa mtu aliye safarini, wakaamua asiambiwe mpaka amalize mchezo, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumwambia baadaye. Saa kumi na mbili jioni, udongo wa kaburi ungali kwenye viatu vyangu, simu ya mama ikalia, nikaipokea, ni Gharib, akamuuliza mama. Nilimwambia: "Kalala, lakini dua kakuombea. Nenda kacheze."

Akaniomba basi nimpulizie mimi. Nikapuliza.

Walishinda, na mimi usiku ule nikaizima simu kwa woga, nikaizima na kesho yake. Jumapili picha yake iliyopigwa Jumamosi ikatufikia matangani, kakumbatia kombe, anacheka mpaka gego linaonekana, na ami yetu, marehemu Mzee Khatib Hija, akaniuliza mbele ya watu wote kama kaka yangu ana habari ya msiba. Nikajibu: "Nshamwambia."

Neno langu hilo moja ndilo lililomfanya Gharib awe, machoni pa watu, mtoto aliyeshangilia kombe siku ya pili ya maziko ya mama yake. Yeye alishuka uwanja wa ndege Jumatatu, akija likizo baada ya fainali, akiwa na shela jeusi alilomnunulia mama Iskanderia, akafika nyumbani akakuta majamvi uani na watu wanaokataa kumpa mkono, na hapo ndipo alipojua. Jioni alinikuta peke yangu kisimani, hakuninyanyulia sauti, alisema tu: "Ulinambia kalala."

Hakunitaja kwa mtu. Alicheza msimu mmoja zaidi bila ya kumpigia mtu simu, goti likamrudisha nyumbani mwaka 2010, akaajiriwa mwalimu wa michezo na kuanzisha timu ya wasichana hapa Mpendae, na wapo wazazi waliowatoa mabinti zao, wapo waliokataa kumtolea salamu barazani, miaka kumi na sita, na mimi nikikaa baraza hiyo hiyo nikinywa kahawa. Naona haya, ndugu zangu, na haya hii inaniunguza.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2023, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na Jumapili iliyopita, miguu yake ikiwa imepita mwisho wa kitanda cha hospitali, aliniambia siku yake ikifika maisha yake niyasome mimi, nisimwachie mtu mwingine. Alifariki leo, Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka 47.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake, wasichana wa timu yake waliopokezana kukaa naye hospitali pamoja na mama zao, majirani wa Mpendae na Kiembe Samaki, na Fundi Hamid, aliyeliongeza jeneza la msikiti ubao asubuhi hii ili miguu ya kaka yangu isitoke nje. Ada ni kumuombea maiti radhi kwa aliowakosea, lakini katika hili Gharib hakumkosea mtu, mwenye kuomba radhi ni mimi, kwake na kwenu.

Asubuhi wazee wameshauri Salhiya asiambiwe mpaka amalize mitihani yake keshokutwa. Wazee wangu, mnisamehe, nimempigia mwenyewe saa kumi na mbili, nimemwambia baba yake amefariki, na sasa yumo kwenye simu ya mama yake huko ndani, anatusikiliza. Salhiya mwanangu, tunamnyanyua baba yako sasa hivi. Msomee dua, kisha puliza, itafika.

Kaka Gharib, pumzika, Mola akupe amani niliyokunyima mimi.