Mtaro Uliopinda Kando ya Ukuta wa Kaskazini

Mheshimiwa Askofu, mchungaji wetu, wazee wa kanisa, ndugu wageni waalikwa, na ninyi watoto mliokaa sakafuni kwa sababu leo sakafu ni kavu: nawasalimu nyote.

Tumekuja kuzindua mtaro. Ndiyo, mtaro! Nani kati yetu amesahau jinsi maji ya paa yalivyozama chini ya ukuta huu wa kaskazini, ukuta wa babu za babu zetu, mpaka ufa ukatosha kuingiza mkono?

Kwa kuwa jengo ni la kale, ilitakiwa awepo mtaalamu wa mambo ya kale, atazame kila jembe linapozama. Fundi wetu mkuu, ambaye vijana wake humwita Chapuchapu, hakufurahi. Mawingu yalikuwa yameshafunga. Asubuhi moja mtaalamu, binti yetu huyu hapa, akainua mkono: "Simameni!" Palikuwa na mifupa, myembamba kama njiti za kiberiti.

"Dada yangu," akasema Chapuchapu, "mvua haingoji mifupa. Ukuta ukianguka, utaushika wewe?"

"Siuwezi, kaka. Lakini shuka kwanza uone."

Akashuka. Walikuwa vichanga, wamelazwa bega kwa bega, wameuegemea ukuta. Binti aliwaondolea udongo kwa brashi, polepole, kana kwamba anaogopa kuwaamsha. Chapuchapu akavua kofia. Akasema, "Mtoto wetu wa kwanza hakumaliza hata siku. Mke wangu hakuonyeshwa kaburi."

Akapanda juu, akang'oa vigingi na kamba alizopimia njia ya mtaro. "Vijana, mtaro utapinda!"

Binti akamtafutia haraka udongo usio na kaburi, wakachimba wote mbio mbio, na mvua ikawakuta wakisawazisha kingo za mwisho za mtaro. Tukasimama mlangoni, tumelowa chapachapa, tukitazama maji yakishuka toka paani, yakifika kwenye kona, yakiwazunguka wale watoto na kwenda zake. Ukuta haukutikisika.

Mtaniambia haraka haraka haina baraka. Mbona hawa wawili walikuwa na haraka, na baraka wakaipata?

Jumapili iliyopita mchungaji aliwaombea vichanga wale palepale walipolala. Mke wa fundi alikuja na shada lake la maua, akauliza kama anaruhusiwa kuliweka hapo.

Mama, uko nasi hapa mbele. Kwa niaba ya kanisa zima najibu: weka, na uje tena kila utakapotaka. Mahali pale ni pako.

Kwa masikio yenu na uvumilivu wenu, ndugu zangu, asanteni sana.