Mashine ya Pumzi ya Mwaro Kiponda

Mashine ya laki moja na elfu themanini, Randu, haigeuki urithi kwa sababu kaburi limechimbwa, nilikwambia jana matangani na leo nayarudia mbele ya mchungaji. Waombolezaji, mtaniwia radhi, mdogo wetu huyu Randu ameichukua mashine ya kulalia ya marehemu, anasema kwa mila yetu vitu vya mtu hugawiwa nduguze, nami Kanze dada yao nasema shati na jembe sawa, mashine hapana. Basi nisome kwanza wasifu wa marehemu.

Kaka yangu Mwaro alizaliwa tarehe 9 Agosti 1974 huko Vitengeni, akasoma hapo hapo mpaka darasa la nane mwaka 1989, karo ya sekondari haikuonekana, akashuka Malindi kujifunza kushona viti vya sofa, na mwaka 2001 akafungua karakana yake hapo hapo Malindi, mtaa wa Kisumu Ndogo, ambako hakuna aliyewahi kupasua kiti chake akakuta gunia palipolipiwa sponji. Alimwoa Nyakio kanisani tarehe 12 Desemba 1998, Mungu akawapa Bridgit na Marvin.

Figo zake ziliharibika mwaka 2012, kwa miaka minne akawa anakwenda Kilifi kusafishwa damu, usiku usingizi hapati, hadi tarehe 16 Februari 2016 tulipolazwa pamoja Nairobi nikampa figo yangu moja. Aliporudi akaanza kukoroma, nasi tukashangilia, Nyakio akanipigia simu akicheka, “Wifi, leo kakoroma mpaka kuku wameamka!”, majirani wakamwita Trekta, tukasema keshapona huyu, na kliniki hatukutamka neno, maana nani humshtaki mtu kwa kulala?

Kumbe pumzi ilikuwa ikimkatika usingizini. Shingo imenenepa, presha haishuki kwa vidonge, mchana anasinzia sindano mkononi, na mwaka 2019 daktari akamgeukia Nyakio kumuuliza mumewe analalaje, naye akaeleza kuwa hukoroma, hunyamaza kama aliyekufa, kisha hushtuka akitweta. Akapimwa akiwa amelala, na moyo ukakutwa umeshatanuka.

Mwaro hakulia, aliuza pikipiki akanunua mashine inayosukuma hewa puani, watoto wakamwambia ana mkonga wa ndovu, akacheka nao na akaivaa kila alipolala, presha ikatulia, akarudi karakanani. Kliniki aliwakabili wenzake waliopandikizwa figo bila haya, “Wewe unakoroma? Usinidanganye, nitamuuliza mkeo!”, na wako waliokwenda kupimwa kwa sababu ya mdomo wake.

Mwezi Machi mwaka huu moyo ulichoka, akalazwa, akafariki tarehe 3 Mei 2025, figo ikiwa bado inafanya kazi. Kabla ya hapo alituambia, mimi na Nyakio, mashine apewe Mutuku wa mtaa wa Muyeye, mwenzake wa kliniki, anayeishi kwa figo ya mkewe, ambaye pumzi humkatika vile vile na uwezo wa kununua hana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kisumu Ndogo waliopika na kukesha nasi, na mafundi wenzake walioshona kitambaa cha jeneza hili bila kudai hata uzi. Lala, kaka, umepumua kwa jasho lako, sasa pumzika.

Randu, Mutuku yule pale amekaa, barakoa mpya ya mashine keshanunua. Nenda chumbani kwako uilete kabla jeneza halijainuliwa.