Mwalimu Syauswa Josaphat, Shahidi wa Chama cha Kongo Moja (1946–2012)

Baba yetu Syauswa Josaphat alizaliwa Luofu, tarehe 3 mwezi wa tano mwaka 1946, katika familia ya wakulima Waprotestanti. Alisoma shule ya msingi hapo Luofu, kisha Lubero, ambako alipata diploma ya ualimu mwaka 1966.

Alisomesha Kirumba miaka sita, halafu Butembo mpaka pensheni. Wanafunzi wake wanakumbuka kwamba akikosea ubaoni, alifuta mbele ya wote na kusema, "Mwalimu amekosa, muandike tena."

Alifunga ndoa na mama yetu Kavira Godelive, wa familia ya Wakatoliki ya Kirumba, tarehe 14 mwezi wa nane 1971. Babu, baba yake mama, aliuliza, "Sasa batoto benu bataomba wapi?" Baba akajibu, "Ku meza, papa. Pale tutaomba bote pamoja." Babu akacheka, akakubali.

Vita vya 1998 vilipoikata inchi vipande, baba na rafiki yake Papa Melchior, mwalimu pia, walianzisha chama kidogo, Kongo Moja. Hawakuwa na bunduki wala gari. Mikutano ilifanyika katika salon ya nyumba yetu, watu kumi na mmoja. Mwezi wa tatu 2000 waasi waliwakamata wote wawili kwa sababu ya karatasi iliyosema Kongo haigawanyiki. Walifungwa Beni siku kumi na tisa, katika chumba kimoja, wakilala kwa zamu. Mama aliwafuata kwa lori la viazi, akiwapelekea chakula.

Tarehe 29 mwezi wa kumi 2006, Papa Melchior alisimama kuwa député, mbunge wa provinsi, na baba alikuwa shahidi wa chama, wa kuangalia hesabu ya kura, katika bureau de vote moja ya Butembo. Kura zilipohesabiwa, Kongo Moja ilipata 81. Président wa bureau, kwa uchovu, aliandika 181. Mashahidi wengine walikuwa wameanza kutia sahihi. Baba akasimama.

"Président, hapana. Ni makumi munane na moya. Nilihesabu makaratasi na macho yangu."

"Mwalimu, ni chama chako!"

"Ndiyo. Mais ile mia si yetu."

Namba ikasahihishwa. Matokeo yalipotangazwa, Papa Melchior alikosa kiti kwa kura sitini na nne.

Alikuja nyumbani, hakukaa. "Josaphat, ungenyamaza tu. Nani angejua?"

"Tulifungwa Beni juu ya kusema kweli. Leo niandike uongo?"

Papa Melchior alitoka bila kuaga. Miaka mitano hawakusalimiana, hata walipokutana sokoni. Baba hakumsema vibaya hata siku moja, lakini alikonda. Mama anasema hapo ndipo ugonjwa ulipoingia.

Ugonjwa wa sukari ulionekana mwaka 2009, na mwaka uliofuata alikatwa mguu wa kushoto. Tarehe 28 mwezi wa kumi na moja 2011 alitaka kupiga kura. Binti yake Jemima alipanda nyuma yake kwenye pikipiki ya kukodi, akamshikilia mpaka kwenye bureau. Safari hii chama kilipata hapo kura nne tu. Baba alitabasamu: "Bale bane nabajua bote."

Wiki mbili baadaye Papa Melchior alibisha mlangoni. Alikaa kando ya kitanda, akamshika mkono.

"Ndugu, nilitaka uibe kwa ajili yangu."

"Hapana. Ulitaka kushinda. Hata miye nilitaka."

Tangu siku ile Papa Melchior alikuja kila asubuhi kumnyoa na kumsomea Zaburi. Yeye ndiye aliyemfumba macho tarehe 12 mwezi wa kwanza 2012, saa nne asubuhi, katika hospitali hapa Butembo.

Baba anamwacha mjane, mama Kavira Godelive, watoto watatu, Mathe Timothée, Nadège na Jemima, wajukuu saba, dada yake Tamar wa Luofu, na Papa Melchior, aliyetuomba jina lake liandikwe hapa, kati ya jamaa, si kati ya marafiki.

Bwana ampokee mwalimu wetu, apumzike kwake kwa amani.